Miti ya Baba Ndani ya Bwawa

Kabla bwawa la Kiambere halijajaa, watu wa bondeni waliambiwa wakate miti yote. Walikata, ila hawakugusa mti wenye mzinga wa nyuki. Kwetu Mbeere, ukishatundika mzinga mtini, mti huo ni wako hata ukiwa katika shamba la mwingine, na atakayeukata ana kesi na ukoo wako mzima. Mizinga mingi ilikuwa ya baba yangu, naye alisema nyuki bado wanajenga masega, wapewe muda. Maji hayakumpa mtu muda. Tuliishusha mizinga kwa kamba mbiombio, miti ikazama imesimama.

Miaka ya tisini ukame ulikaza, maji yakashuka, na miti ya baba ikachomoza, mikavu na myeusi. Tope lilinuka mayai viza, na ukilikanyaga mapovu yalipanda. Nilikuwa mwalimu wa sayansi, nilijua ni nini. Miti na majani yakiozea chini ya maji pasipo hewa hutoa gesi, na gesi hiyo hupanda angani ikanasa joto.

Baba hakujali gesi. Alitaka mururuku wake mmoja, mti mgumu usioliwa na mchwa, achonge mizinga mipya. Ile ya zamani ilikuwa imepasuka, na huku nchi kavu hakukubaki mti wa maana. Akaenda na shoka. Askari wa bwawa akamnyang'anya, akamwambia miti iliyo humo ni mali ya bwawa.

"Ni wangu huu," baba akasema. "Uliza mtu yeyote hapa."

"Mzee, hapa hakuna kuuliza. Toka."

Nilikasirika mno. Wiki hiyohiyo kulikuwa na baraza Gachoka. Afisa wa mazingira kutoka Nairobi alitueleza kwamba makaa yetu na ng'ombe wetu wanaharibu hewa, na kwamba tushukuru bwawa, maana stima ya maji ni safi. Stima yenyewe ilipita juu ya paa zetu ikienda kwa wengine. Sisi walimu tulisahihisha madaftari kwa koroboi. Nikainua mkono.

"Madam, na ile miti inaoza kwa maji? Si hiyo pia inatoa gesi? Mbona mzee asiruhusiwe kuitoa?"

"Mwalimu, hiyo ni ya mainjinia. Leo tunaongea makaa."

Watu wakacheka, chifu akaniashiria nikae. Nikakaa, na hata leo nikikumbuka damu yangu inachemka.

Nilimwendea mkubwa wa askari wa bwawa kumwombea baba ruhusa ya kukata mti wake, akanituma kwa chifu. Chifu akanirudisha kwa mkubwa wa askari. Nikiwa bado nazungushwa hivyo, mvua ikanyesha huko juu Kibugu na mlimani, mito ikafurika, bwawa likajaa tena. Baba aliacha kushuka ukingoni. Alikufa hajatundika mzinga mwingine.