Mapingamizi ya Upande wa Pili wa Meza

Kazini walimwita Fundi, nyumbani Baba Pacha, lakini jina alilolipenda kuliko yote alipewa na watu ambao hajawahi hata kuwapa mkono: Mpangaji. Msidhani ni kwa sababu ya nyumba, ingawa nyumba nayo kweli alikuwa amepanga. Waliompa jina hilo ni wenzake wa mtandaoni, kwa kuwa ndiye aliyeandika sehemu ya kupanga orodha katika maktaba sanifu ya lugha moja ya programu, tena bila kulipwa hata hela ya sabuni.

Tuelewane kidogo hapa, maana wengine wakisikia maktaba wanaona vitabu na vumbi. Maktaba ya namna hii ni ghala la kazi ndogondogo ambazo mwandishi wa programu anazikuta tayari, asihangaike kuzitengeneza upya: kuhesabu siku, kukata maneno, kupanga majina kwa alfabeti au alama kutoka juu kwenda chini. Ni mali huria. Anayetaka anachukua, anayeweza anaongeza, na kila sehemu ina mlezi wake. Mlezi anasoma kazi zinazoletwa, anaandika mapingamizi yake hadharani kwenye ukurasa wa mradi, na akiridhika anaziachia zipite. Juu ya walezi wote yuko mama mmoja anayeishi mbali, ambaye kila mtu anamwita Shangazi kwa sababu hacheki na mtu.

Mchana Mpangaji alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya bima. Kazi yake ilikuwa kutambaa chini ya meza za watu akifuata nyaya, na kuitwa mbio kwa sababu printa imemeza karatasi. Meneja alimsalimia huku akiangalia simu. Lakini jioni, akiketi kwenye meza ya sebuleni na kufungua laptopu, alijua kwamba mahali fulani kuna shule inapanga matokeo na duka linapanga bidhaa, na vyote vinapita mikononi mwake. Nyumbani aliyelijua hilo ni mkewe tu. Na ni mkewe aliyesimama nyuma yake siku moja, beseni la nguo kiunoni, akamwambia, "Baba Pacha, nifundishe na mimi."

Akamfundisha, kwa mkono wake mwenyewe. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Yeye alimwamsha, na kiti akamvutia.

Kabla pacha hawajazaliwa, Mama Pacha alikuwa mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi. Watoto walipoanza shule akapata nafasi ya kujifunza sawasawa. Mwanzoni alisahihisha makosa ya uandishi katika maelezo ya maktaba. Baadaye akaishika sehemu ya tarehe, ambayo ilikuwa imewatoa jasho wengi, akaifumua na kuisuka upya. Shangazi akaandika chini yake: "Kazi safi sana."

Mpangaji aliyasoma maneno hayo, akaenda jikoni kunywa maji, akarudi akayasoma tena. Yeye, miaka yote ya utumishi wake, Shangazi alikuwa akimwandikia neno moja tu, "Imepokelewa," kama karani anayegonga muhuri. Alimpongeza mkewe, naam, na tabasamu alilitoa, ila lilitoka kwa shingo upande na mkewe akaliona. Kuanzia hapo kijiba cha roho kikaota.

Jamani, wivu wa mtu wa mbali una nafuu. Jirani akinunua gari unafunga dirisha, basi. Sasa huyu utamfungia dirisha lipi? Unalala naye, unaamka naye, anakuuliza kama chai imekolea sukari. Mpangaji alimwona akicheka peke yake mbele ya kioo cha laptopu, akicheka na watu ambao yeye ndiye aliyemkutanisha nao, na walikuwa wameacha kumtafuta yeye. Akiuliza kinachochekesha anaambiwa, "Aa, mpaka nikueleze ilipoanzia." Siku nyingine dada yake akapiga simu kujulia hali, akamalizia na utani: "Kaka, nasikia wifi amekuwa mkubwa huko kwenu. Sasa wewe unamshikia taa?" Akacheka hadi akakohoa. Mpangaji alisema mtandao unakatika, akakata yeye.

Haya yote angeyameza. Lililomshinda ni jioni aliyofungua ukurasa wa mradi akakuta kazi mpya imeletwa kwenye sehemu yake: njia mpya ya kupanga orodha ndefu. Aliyeileta alikuwa amekaa mbele yake anamenya chungwa.

"Umeiona?" Mama Pacha aliuliza, macho yanang'aa. "Nilitaka uikute imekamilika. Si ulikuwa unalalamika yako inachelewa orodha zikiwa kubwa?"

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Nitaisoma."

Aliisoma, na roho ikamuuma, maana ilikuwa nzuri. Ilipanga kwa haraka ambayo njia yake haingeifikia hata ikisukumwa. Ikipita, ya kwake ingebaki kwa orodha fupi tu, vile vijiorodha vya kupanga majina ya watoto wa darasa moja, na hata hapo watu wangesema ni ya Mama Pacha. Maktaba haina viti viwili kwa kazi moja. Aliyeondolewa anabaki kwenye historia ya mradi, na historia hiyo haisomwi na mtu asiye na shida. Mpangaji akajiona yuko chini ya meza za ofisi ya bima asubuhi na jioni, bila jina la kurudia.

Kuikataa hakuweza, sababu hakuwa nayo. Ndipo akaanza mapingamizi.

La kwanza lilisema jina la kigeu, yaani lile neno linaloshika thamani ndani ya programu, ni fupi mno. Akarefushiwa. La pili likasema sasa ni refu. Kisha ikawa nafasi kabla ya mabano, mstari mtupu uliokosekana, mstari mtupu uliozidi, na neno "haraka" katika maelezo, ambalo kwa maoni ya mlezi lilikuwa na harufu ya majivuno. Na yote haya aliyaandika akiwa amekaa upande wa pili wa meza ile ile, magoti yao karibu kugusana. Kibodi yake inalia, laptopu ya mkewe inatoa mlio, mkewe anasoma, anainua macho kumtazama, naye amekikodolea macho kioo chake kama anasoma habari za hali ya hewa. Halafu mkewe anajibu hapo hapo ukurasani: "Nimerekebisha. Asante, mlezi." Hiyo asante ilimchoma kuliko tusi.

Kilichomtia aibu zaidi ni kwamba watu waliona. Shangazi alitangaza kwa wote kwamba mapingamizi ya sura peke yake hayazuii kazi, na mwandishi ana ruhusa ya kuyapita. Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja ya kutaja.

Siku hiyo Mama Pacha alifunga laptopu yake taratibu. "Baba Pacha, mimi huko ukurasani sikusomi tena. Nimechoka. Ukiwa na neno la maana, niambie kwa mdomo. Meza ni hii hii, na mimi nipo."

"Kazi ya mradi inafanyikia kwenye mradi," alijibu.

"Haya."

Ikawa hivyo. Yeye aliandika, mkewe hakusoma, na wengine wakawa wanayaruka mapingamizi yake kama mtu anavyoruka dimbwi njiani. Nyumba ikaendelea na maisha: pacha wakavaa viatu, bili ya umeme ikalipwa, salamu zikatolewa. Hawakugombana. Afadhali wangegombana.

Toleo jipya la maktaba lilipangwa kutoka Jumatatu, kazi ya Mama Pacha ikiwa ndani yake. Jumamosi asubuhi Mama Pacha alikuwa jikoni, na Mpangaji akaketi kufanya kile alichokuwa akikifanya kwa siri wiki nzima, yaani kuijaribu kazi ya mkewe kwa nia ya kuiona inaanguka. Sasa, kuna ahadi moja ambayo njia yake ya zamani iliitimiza tangu mwanzo, na iliandikwa wazi katika maelezo ya maktaba: vitu viwili vikilingana, kilichotangulia kuja kinabaki mbele. Alitengeneza orodha ya watu wenye alama sawa, akaipanga. Ikakaa vizuri. Akairefusha, ikakaa vizuri. Akairefusha sana, akabonyeza, na waliolingana wakatoka wamechanganyika, wa mwisho amekuwa wa kwanza. Majaribio ya mkewe yote yalitumia orodha fupi, na orodha fupi zilikuwa bado zinapita kwenye njia ya zamani. Ndiyo maana hakuna aliyeona.

Moyo wake ulirukaruka kwa furaha. Nalisema wazi, maana ndivyo ilivyokuwa: alifurahi kama mtu aliyeokota pochi.

Kisha akafikiri. Akimwambia, mkewe atashtuka, atamshukuru, atalirekebisha kabla ya jioni, na kazi itatoka Jumatatu ikiwa safi kuliko mwanzo. Shangazi ataandika tena yale maneno yake. Akinyamaza kabisa, basi yeye ni mlezi mwongo, na hilo hakulitaka moyoni mwake. Husuda ina akili, inakutafutia njia ya tatu. Akafungua ukurasa wa mradi, akaandika pingamizi la nafasi kabla ya mabano. Chini yake akaandika: "Kwenye orodha ndefu, vinavyolingana havibaki katika mpangilio viliokuja nao." Chini ya hapo akalalamikia jina la kigeu. Akatuma yote kwa pamoja.

Jikoni sufuria ilifunikwa. Mama Pacha akaita watu waje mezani.

Toleo likatoka Jumatatu. Watu walilipongeza, na kwa wiki kadhaa Mpangaji aliishi na kitu ambacho hakuwa na jina lake. Mara mbili alifungua mdomo wakiwa wawili, akaishia kuuliza habari za shule za watoto.

Habari ilimkuta ofisini, amepiga magoti kando ya printa. Mtu mmoja anayetunza programu ya foleni ya hospitali alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa mradi. Kule wagonjwa wanapewa daraja la uzito wa ugonjwa, na wa daraja moja wanaitwa kwa kutangulia kufika. Tangu wachukue toleo jipya, siku za watu wengi, foleni ilikuwa inavurugika. Akina mama waliofika alfajiri na watoto wachanga waliitwa baada ya waliofika saa sita. Wakaanza kuwatuhumu wauguzi kwamba wamekula rushwa, na muuguzi mmoja alivutwa gauni mpaka likachanika. Mzee mmoja alisubiri kutwa, akakata tamaa, akarudi nyumbani bila kuonwa na daktari. "Sijui kama atarudi," aliandika yule mtu.

Chini yake Shangazi alikuwa tayari ameandika: "Tunarudisha njia ya zamani kuanzia sasa hivi." Njia ya zamani, yaani ya Mpangaji. Alikuwa amepata alichokitaka. Alingoja utamu wake hapo chini kwenye zulia, na ulikuja kidogo, kisha akamkumbuka yule mzee na ukaisha.

Alipofika nyumbani alimkuta Mama Pacha mezani, macho mekundu. Pacha walikuwa chumbani na kazi zao za shule. Alikuwa anapandisha ukurasa juu, akitafuta mahali alipokosea, anasoma kila kitu kilichoandikwa juu ya kazi yake, hata alivyoapa kutovisoma. Kidole chake kikasimama.

"Wewe uliliona," alisema.

Mpangaji akaketi. Kwa dakika ile, Mungu amsamehe, alitegemea kusifiwa. "Niliandika," alisema. "Niliandika kabla halijatoka."

"Naona. Katikati ya nafasi ya mabano na jina la kigeu." Akasoma pingamizi lile kwa sauti, polepole, kisha akasoma siku. "Jumamosi hiyo nilikuwa hapa. Tulikula pamoja, wewe umekaa hapo, mimi nimekaa hapa."

"Mama Pacha, wewe ndiye uliyesema huyasomi."

"Na ndiyo maana uliandika huko." Hakupandisha sauti, na angepandisha ingekuwa nafuu. "Nakumbuka Jumamosi hiyo. Uliniomba chumvi, Baba Pacha. Chumvi uliweza kuniomba."

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya kufunguliwa geti, akapiga tena. Mama Pacha alifuta uso kwa kiganja, akavuta laptopu karibu, akaanza kufungua kazi yake pale ilipoharibika, kwa sababu hospitali ile na nyingine nyingi bado zilihitaji njia ya haraka, na aliyeiandika ni yeye.

Mumewe akainuka, akabeba kiti chake akakizungusha hadi upande wa mkewe. "Pisha kidogo," alisema, "nikuonyeshe inapochanganyikia. Nimeshapapata, si kazi kubwa. Tutamaliza leo leo."

Mama Pacha hakugeuka.

"Andika kule kwenye ukurasa," alisema. "Sasa nitakuwa nakusoma."

Mpangaji alikibeba tena kiti chake. Kisha akakirudisha kilikokuwa, akaketi, akafungua laptopu yake na kuanza kuandika.