Tunda la Kahawa na Mzigo wa Nyasi

Kosa lilikuwa langu, nalikubali kabla mtu hajaniambia. Nilimfundisha binti yangu atomu kwa tunda la kahawa.

Sisi ni watu wa Masama, mlimani. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Baba yangu aliniondoa, akasema ng'ombe hawali vitabu. Kwetu ng'ombe hufungwa zizini, na mwanamke ndiye anayeshuka mpaka tambarare kuwakatia nyasi, kisha anapanda nazo kichwani. Kwa hiyo binti yangu alipochaguliwa kwenda sekondari Moshi mjini, miaka ile ya Ujamaa, niliapa kwamba kichwa chake hakitavaa ngata.

Shemeji yangu mkubwa naye alikuwa na kiapo chake. Mume wangu alifanya kazi mbali, kwenye mashamba ya miwa, kwa hiyo kaka yake ndiye aliyekuwa na sauti kihambani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa.

"Akifeli mtihani wa mwisho wa mwaka anarudi," alisema, kata ya pombe ya mbege mkononi. "Nyasi zipo. Na wachumba wapo."

Somo lililomshinda mtoto ni kemia. Alikuja likizo na daftari zima la Kiingereza, analiimba kama mtoto wa kipaimara anavyoimba amri bila kujua kuzini ni nini.

"Hebu niambie kwa lugha ya nyumbani," nikamwambia. Tulikuwa tunachuma kahawa.

"Mama, haya hayasemeki kwa Kichagga."

"Kila kitu kinasemeka. Sema."

Akasema. Kwamba kila kitu, jiwe, maziwa, hata ukucha wangu, kimejengwa kwa vitu vidogo visivyoonekana, ndizo atomu. Katikati ya atomu kuna kiini, na ndani ya kiini protoni na nyutroni zimebanana. Nje zinazunguka elektroni. Protoni ina alama ya kujumlisha, elektroni ina ya kutoa, na hizo mbili huvutana. Nyutroni haina upande.

"Huyo nyutroni ni mzee wa kanisa kwenye ugomvi wa ndoa," nikasema.

Akacheka. Kicheko hicho kilinilevya, ndiyo maana nikaharibu. Nilichuma tunda jekundu nikalipasua kwa ukucha. "Tazama. Buni mbili katikati, zimebanana: protoni na nyutroni. Utelezi na ganda viko nje: elektroni. Umeelewa?"

Alielewa. Ubaya ndio huo, alielewa sana.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu aliwapa jaribio wachore atomu. Wangu alichora tunda la kahawa: kiini kimejaa mpaka pembeni, elektroni zimebanwa kama ganda. Mwalimu akaiinua karatasi mbele ya darasa, akauliza nani alimfundisha. Mtoto akasema kweli. "Mama."

"Na huyo mama amesomea wapi? Zizini?"

Darasa zima likaangua kicheko. Akapewa sifuri.

Jumamosi akapanda nyumbani. Mtoto niliyemzaa akapita mbele yangu bila shikamoo.

"Usinifundishe tena, mama. Kaa na nyasi zako."

Nilimeza neno hilo. Lilipita kama mfupa, lakini nilimeza, kwa sababu mtihani ulikuwa unakuja na shemeji alikuwa anasubiri.

"Sawa. Lakini tunda langu lina kosa gani?"

"Kiini ni kidogo, mama! Kiini kikiwa buni moja hapa jikoni, elektroni ziko kule kanisani."

"Na hapa katikati pana nini?"

"Hakuna kitu. Utupu."

"Uzito je?"

"Karibu wote uko kwenye kiini. Elektroni karibu elfu mbili ndizo zinazofikia uzito wa protoni moja. Umeridhika?"

Kesho yake ilikuwa Jumapili, lakini ng'ombe hawana Jumapili. Nilishuka alfajiri. Nilipomaliza kufunga mzigo niliinua macho kutafuta kwetu, sikupaona. Mlima wote ulikuwa kijani tu. Kule juu, mahali pasipoonekana, shemeji na wenzake walikuwa wamekaa na mbege yao, wazito, wenye nyumba. Kati yao na mimi hapakuwa na kitu ila vumbi na mwinuko. Na bado nilijua nitapanda. Miaka yote nimepanda. Kuna kitu kinavuta, wala si mapenzi. Nikajiuliza tena: nani anayeunganisha nyumba na nyumba? Nani anaomba moto kwa jirani, anapeleka mtori wa ndizi kwa aliyejifungua, anasikia sokoni binti wa nani ameposwa? Si waliokaa katikati. Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Nilipofika nyumbani sikutua mzigo. Nilimkuta mlangoni mwa jiko na daftari lake.

"Atomu zikishikana, kiini kinatoka kwenda kushikana na mwenzake?"

"Hapana. Zinazoshikanisha ni elektroni."

"Zote?"

"Za duara la nje. Duara la kwanza hukaa mbili tu, la pili nane. Zile za nje kabisa ndizo zinazopeana na kushirikiana."

"Basi kiini ni baba yako mkubwa," nikamwambia. "Elektroni ni sisi wa nyasi. Uzito ni wao, kazi ni yetu, na katikati hapana kitu. Nenda kamwandikie mwalimu wako hivyo."

Hakucheka. Alinitazama, majani yakiwa yameniziba nusu ya uso. Kisha akachukua penseli, akaweka nukta moja ndogo katikati ya ukurasa. Akafunua ukurasa wa pili, na wa tatu, anatafuta mahali pa kuiweka elektroni.

Alifaulu. Kichwa chake hakikuvaa ngata, hilo najivunia mpaka kaburini. Akasoma mpaka akawa mwalimu wa kemia yeye mwenyewe, na shemeji akamfanyia sherehe kihambani, miaka ile sukari na sabuni vikipatikana kwa foleni. Binti akasimama chini ya migomba, kiatu kirefu kinazama kwenye udongo. Akamshukuru baba mkubwa, "aliyenisomesha." Akamshukuru mwalimu wake wa kemia, "aliyenipa msingi." Mimi nilikuwa jikoni nakoroga mtori. Nilisubiri kusikia jina langu mpaka mwiko ukasimama mkononi.

"Na wote walionisaidia," akamalizia.

Wakapiga vigelegele. Nami nikapiga.

Kwetu mtu akikukosea hukuletea jani la sale, na ukiletewa sale huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Sale limejaa mpakani mwa kihamba changu, nalifyeka lisizibe njia. Binti yangu hajawahi kuja kuchuma hata jani moja.

Siku ile nilitua mwiko nikachukua mundu na kamba. Shemeji alikuwa amekaa katikati ya njia, kwenye kiti kikubwa, kata mkononi.

"Unakwenda wapi, shemeji? Leo ni sherehe ya mtoto wako."

"Ng'ombe hawana sherehe," nikamjibu.

Hakusogeza kiti. Nikamzunguka.