Maombi ya Kuagana na Meli ya Saa Kumi

Meli ya matembezi ilitushusha Maine asubuhi, wakasema saa kumi kamili inaondoka. Ni mimi na mama yangu, watu wa Louisville. Huko bandarini mama akaona mwanamke amevaa kitenge, akamuita: "Wa wapi?"

"Wa Uvira!"

Bon, kwetu kulekule, ikaishia hapo. Mara tuko kwake, tunangojea sombe, majani ya muhogo, iive.

"Mama, meli," nikasema.

"Mtu anakupikia, wewe unaangalia saa? Hauna haya?"

Tukakula. Zilibaki dakika ishirini, tukasimama. Mwenye nyumba akafunga macho: "Tuombe." Akaanzia Uvira, akapitia kambi ya wakimbizi, akaombea kila mwenye alibaki. Mimi jicho moja liko kwa saa. Kufika kwa wajukuu wa jirani, mama yangu, mwenye hajawahi kukatia mtu maombi, akapiga kelele: "Amina!" Akakamata mkoba.

Tulikimbia! Tulipanda wa mwisho kabisa.

Mama anahema: "Nimemkatia mtu maombi. Mpigie simu."

"Umuombe pardon?"

"Aendelee pale alifikia."

Donc wasomaji, mukipata mwenyeji bandarini, mumwambie meli inaondoka saa nane.