Dawati la Shule ya Serikali

Mimi ni fundi wa mbao, natengeneza vitanda hapa Kawangware. Nilisoma shule ya serikali kule Kibera, tukibanana wanne kwa dawati moja, na niliapa binti yangu hatapitia hayo. Nikampeleka akademi, shule ya kulipia. Ilikuwa ya mabati tupu, lakini tai ilikuwepo, sweta nyekundu ilikuwepo. Jioni alifungua kitabu akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nilikuwa naita majirani waje wasikie, jamani!

Siku ya watoto kanisani alipewa mstari ambao hakuwa amefundishwa. Akasimama mbele, ameshika Biblia, kimya. Nilidhani ni kuona haya tu. Nyumbani nikamfungulia kitabu chake cha shule, akatiririka kama kawaida. Nikafunika picha kwa mkono, nikamwonyesha neno moja fupi, "kuku".

"Hii ni nini?"

"Baba, sasa sioni picha."

Nilikasirika sana. Si kwa mtoto, kwangu mwenyewe. Ana miaka minane, hajui kusoma, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia makofi.

Wiki hiyo hiyo nikaenda shule ya serikali. Darasa lilikuwa limejaa hadi dirishani. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mzazi, nafasi ipo. Mahali pa kukalia hapana. Kuja na dawati." Wazazi wengine kwenye foleni wakaguna. Mimi nilicheka kwa sauti. Dawati? Mimi?

Nilipolisukuma shuleni kwa mkokoteni dawati nililotengeneza, jirani yetu muuza chapati, ambaye mtoto wake bado alisoma akademi ileile, akaniita mbele ya wateja wake. "Aii, baba! Akademi imekushinda? Umerudi kwa gava, kwa serikali?" Nikaendelea kusukuma, lakini iliniuma sana.

Mwalimu wa darasa hakunidanganya. "Watoto ni wengi. Mimi nitafunza, lakini jioni ni wewe." Basi kila jioni binti yangu alikuja pale kazini. Nilichukua vipande vya mbao vilivyobaki, nikaandika neno moja kwa kila kipande kwa penseli yangu ya kupimia. Kuku. Moto. Msumari. Hakuna picha ya kuchungulia! Alilia, akanuna, akarusha "msumari" kwenye vumbi la mbao. Tulikiokota tukaanza tena.

Siku ya watoto ikarudi. Safari hii niliomba wafungue Biblia popote. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Katikati akakwama. Akarudi nyuma, akalitamka neno kwa vipande, akalipata, akaendelea hadi mwisho. Nilisimama nikapiga kelele, "Ndiye huyo!" Mke wangu akanivuta shati nikae. Sikukaa.

Jumatatu asubuhi yule muuza chapati alikuja kazini, unga bado mikononi.

"Baba, dawati moja unamaliza kwa siku ngapi?"

"La kupeleka wapi?" nikamuuliza. "Kwa gava?"

"Wewe wacha maneno. Pima mbao."

Nikapima.