Jina la Mtu Aliye Hai

Delphine Square hakuwa mtu wa kushtuka. Mwaka ambao barafu ya mto wa hapa kwetu Akwesasne ilipasuka mapema na kuzoa banda lake la kusukia vikapu, alitazama tu, akasema, "Acha liende, lilikuwa linavuja." Nimekaa jirani yake muda mrefu, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti ila siku ile ya sherehe ya katikati ya baridi.

Yeye ndiye mama wa ukoo wa Mbwamwitu, na majina yote ya ukoo ameyahifadhi kichwani. Mtoto akizaliwa, mama yake humwendea Delphine kuomba jina lisilo na mtu, maana kwa Wamohawk, wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, jina moja hubebwa na mtu mmoja aliye hai. Akifa, jina linarudi kwa ukoo na kungoja.

Jina la ukoo alilobeba Lorne lilikuwa limerudi. Lorne, mtoto wa marehemu dada yake Delphine, alikuwa fundi wa vyuma, mmoja wa wale wanaotembea juu ya mihimili ya maghorofa kana kwamba wako uani. Habari zikaja kutoka magharibi kuwa ameanguka darajani, maji yakamchukua. Karamu ya matanga ya siku ya kumi ikaliwa, nguo zake zikagawanywa. Koti lilimwangukia binamu yake, Ernie.

Basi asubuhi ya sherehe, ndani ya nyumba ndefu ya ibada, Delphine akalitamka jina lile juu ya mtoto mchanga wa Charlene. Mwanamume mmoja akambeba mtoto mikononi, akatembea naye huku na huku akiimba, wengine mabenchini wakimwitikia.

Mlango ukafunguliwa. Lorne akaingia, akikung'uta theluji mabegani.

Wimbo ulikatika. Mahali fulani bakuli la supu ya mahindi likaanguka.

"Mbona mnanikodolea macho?" Lorne akauliza. "Nani kafa?"

"Wewe," Ernie akajibu.

"Mimi? Lini?"

"Kiangazi. Tumeshakula."

"Na hilo koti?"

"Ulikuwa marehemu, bwana! Ningefanyaje?"

Lorne akaeleza. Aliyeanguka alikuwa mwenzake. Lorne mwenyewe alikuwa ameshaacha vyuma, akaenda kaskazini kukata miti.

"Na huko kaskazini hawajui kalamu?" Delphine akasema.

Charlene alishamnyakua mwanawe. "Mama, usiniambie unalichukua. Limeshaimbwa!"

"Mwachieni mtoto," Lorne akasema. "Mimi niiteni vyovyote."

"Nyamaza wewe!" Sauti ya Delphine iligonga dari. "Siku ukifa kweli, tukuage kwa jina gani? Huko uendako watakutambuaje?"



Delphine akasimama katikati, mkono umeshika kifua. "Kosa ni langu. Sikuona maiti, nikaamini midomo ya watu." Akaliondoa jina kwa mtoto mbele yetu sote, kisha akamgeukia Lorne, akamwita kwalo kwa nguvu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Naam, mama mkubwa," Lorne akaitika.

Charlene akamfunika mwanawe blanketi, akatoka bila kumtazama mtu. Jina jingine lingepatikana kwenye sherehe ya mahindi mabichi ya kiangazi, si kabla, maana majina hutolewa kwenye sherehe hizo mbili tu. Tukamsikia akimbembeleza nje kwenye baridi: "Nyamaza. Nyamaza, wewe." Hakuwa na kingine cha kumwita.