Blanketi Juu ya Televisheni ya Rangi

Harufu ya lehemu ikiyeyuka hunirudisha sebuleni kwetu Makambako, miaka ile serikali ilipofungua milango ya biashara na bidhaa zikawa zinateremshwa stendi kila siku, mpya kwa kuukuu. Juni ile baridi ilikuwa kali. Baba, fundi redio aliyefanyia kazi kwenye meza yetu ya chakula, aliletewa televisheni kubwa ya rangi yenye kabati la mbao. Mwenyewe alikuwa Mzee Shabani, mwenye malori, aliyeinunua Unguja zamani. Picha zake zilikuwa zimegeuka kijani kitupu. Mzee aliahidi kwamba rangi zikirudi, atampa baba chumba kimoja pale stendi kiwe karakana. Baba alikuwa amechoka kulima viazi asubuhi na kulehemu jioni, na sijawahi kumwona akitaka kitu kama alivyokitaka chumba kile.

Aliihangaikia wiki tatu. Alifukuza vumbi kwa brashi, akang'oa vipuri kwenye televisheni zilizokufa, akapachika na kupachua, kila mara akiweka kiganja mgongoni mwa televisheni ya mzee kupima joto. Tulikuwa na mkanda mmoja tu wa video, wa harusi ya watu tusiowajua. Siku gauni la msimamizi lilipogeuka jekundu, mama aliacha kumenya viazi, akakaa chini kutazama.

Siku ya kuikabidhi, baba aliiacha ikiwaka tangu asubuhi ajue kama itastahimili, akaenda kumwita mzee. Aliniambia nisiguse kitufe chochote, na sikugusa. Lakini kwetu kitu cha thamani hufunikwa. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, viti navyo vilikuwa na vyake. Niliiona televisheni imekaa uchi kwenye baridi ile, nikaivika blanketi la sufu mgongo mzima, nikaacha kioo tu. Joto likakosa pa kutokea. Waliporudi, nyumba ilinuka plastiki iliyoungua na kioo kilikuwa cheusi.

"Nani kaifunika?" Mzee Shabani aliuliza.

"Mimi, mzee," baba alijibu kabla sijafungua mdomo. "Niliona baridi."

"Fundi mzima?"

Chumba alipewa kinyozi, baba akarudi kwenye viazi. Mimi nilinyamaza kwa aibu, na mama akaamini miaka yote kwamba kosa lilikuwa la mumewe.

Sasa naishi Njombe, na ukutani kwangu ipo televisheni nyembamba. Ikifa, fundi ataniambia ninunue nyingine. Hakuna wa kuihangaikia wiki tatu akiitafutia rangi nyekundu. Krismasi iliyopita wazazi walikuja. Baba, mgongo umeshapinda, alipitisha kiganja nyuma ya televisheni kama zamani.

"Haina joto," alisema, kama aliyekosa kitu.

Nikamuuliza kwa nini siku ile alisema ni yeye.

"Mimi nilishazoea kuchoka, mwanangu. Wewe ulikuwa na miaka tisa."

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Niliinuka, nikaenda kumwambia.