Nguruwe wa Sadaka

Katika kijiji cha Vale de Giesta, huko milimani kaskazini mwa Ureno, mtu akitaka kumsifu mwenzake kwa ukarimu humwambia, "Una mkono wa Taveira wewe." Etelvina aliusikia msemo huo tangu utotoni, na aliijua ladha yake kabla hajajua kusoma. Baba yake alikuwa kibarua wa barabara, mtu wa sururu na koleo, na nyumbani kwao nyama ilikuwa mgeni wa majira ya baridi tu. Mgeni huyo alitoka nyumba ya Taveira. Kila mwaka ukoo ule ulichinja nguruwe uani, hadharani, kama ilivyo desturi ya kijiji kizima, na kabla damu haijakauka juu ya mawe bibi wa nyumba alikuwa ameshaanza kugawa: paja kwa huyu, mbavu kwa yule, kichwa kwa mjane wa fundi viatu. Hawakujibakizia hata sikio. Padri aliwataja mimbarani.

Basi Etelvina alipokwisha kusoma, akawa mwalimu, na Amílcar Taveira akamposa, aliona ameolewa na ule msemo wenyewe. Alimpenda mumewe, hilo halina shaka, lakini jina alilipenda kwa namna nyingine, kama mtu anavyopenda koti zuri ambalo hakuzaliwa nalo. Alilipiga pasi kila siku. Mume alipofariki alibaki kwenye nyumba ile ya mawe pamoja na wifi yake Adosinda, ambaye hakuolewa, na kazi ya kulinda jina ikawa yake peke yake. Kaburi lilisuguliwa. Desturi ya nguruwe iliendelea. Aliyetaka kusema neno juu ya Taveira alijua atakutana na Mwalimu Etelvina njiani, na hatapishwa.

Lakini nyumba njema si mlango. Tangu siku za uarusi wake kulikuwa na mambo aliyojifunza kutoyaona.

La kwanza lilikuwa alheira, zile soseji za mkate na kuku ambazo leo kila mkahawa wa nchi hiyo unaziuza. Wanawake wote wa kijiji walizitengeneza, lakini wao walichanganya nyama ya nguruwe na mafuta yake. Kwa Taveira ilikuwa ni mkate, kuku, kwale akipatikana, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, vikashindiliwa kwenye utumbo wa ng'ombe na kuning'inizwa juu ya moto wa jikoni. Nguruwe, hata harufu yake haikuingia. Alipokuwa bi arusi aliuliza, "Mama, hatutii mafuta kidogo?" Mama mkwe alimjibu bila kuinua macho, "Matumbo ya watu wa nyumba hii ni mepesi, mwanangu."

La pili lilikuwa taa. Kila Ijumaa jua likielekea kuzama, Adosinda aliwasha utambi kwenye kibakuli cha mafuta, kisha akakitia ndani ya chungu, ndani ya stoo, na kufunga mlango. "Kwa ajili ya roho za marehemu," alisema. Na nani huwawashia marehemu taa ndani ya chungu, mahali ambapo hata paka haioni?

Etelvina alijua jibu. Alikuwa mwalimu. Alishawasimulia watoto darasani, mwaka baada ya mwaka, jinsi mfalme wa zamani alivyowaamuru Wayahudi wabatizwe, jinsi wengine walivyoendelea kuwasha taa ya Sabato kwa siri kila Ijumaa jioni, na jinsi, kama watu wasimuliavyo, wapelelezi wa kanisa walivyopita vijijini wakichungulia dohani za majiko: nyumba isiyoning'iniza soseji ilitiliwa shaka, na waliotiliwa shaka waliweza kuishia motoni. Ndipo watu wale wakabuni soseji isiyo na nguruwe, ikaning'inia mahali pa kuonekana, ikawaokoa. Darasani alisimulia vizuri sana. Alisimulia kana kwamba ni habari za watu wa mbali. Kisha alirudi nyumbani, akapita chini ya ufito uliojaa soseji, akaketi kula.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mradi mwosha anyamaze.

Majira hayo ya baridi Deolindo, mwenyekiti wa kijiji, alikuja kubisha hodi akiwa na kofia mkononi na tabasamu mdomoni. Alikuwa mwanafunzi wake zamani.

"Mwalimu, nimekuletea neema mlangoni."

"Wewe Deolindo, jedwali la kuzidisha kwa saba lilikushinda, leo ndiyo uniletee neema? Sema."

"Maonyesho ya vyakula vya moshi yanakuja. Wageni watajaa. Tunataka kuweka kibao cha jiwe hapa ukutani: Hapa ni nyumba ya alheira ya asili, alheira ya Wayahudi."

Etelvina alihisi damu ikimpanda masikioni. "Unataka kuwaita wakwe zangu wanafiki kwenye mlango wao wenyewe?"

"Wanafiki wapi, Mwalimu! Siku hizi hilo ni jambo la fahari. Kila kijiji kinahangaika kumtafuta Myahudi wake, sisi tunaye bure!"

"Toka."

"Mwalimu..."

"Ukoo wa Taveira ni Wakristo tangu babu wa mababu. Toka, na kofia yako."

Hayo angeweza kuyasahau. Asichoweza kukisahau alikisikia kesho yake kwenye duka la mikate, akiwa nyuma ya pazia la mlangoni. Aliyesema ni jirani yake Gracinda, mwanamke mwenye ulimi usio na kufuli.

"Ndiyo maana nguruwe wao walitugawia mpaka mkia! Sisi tunapiga magoti, Mungu awabariki Taveira, kumbe wanatutupia wasichokila. Mkono wa Taveira! Mkono wa mtu anayetupa taka!"

Duka zima lilicheka. Etelvina aligeuka akarudi bila mkate. Njiani alikuwa anakumbuka sahani ya bati ya nyumbani kwao, na baba yake akikata lile paja vipande vyembamba ili litoshe, huku amevua kofia kana kwamba yuko kanisani. Alimwonea aibu baba yake. Aliwaonea aibu Taveira. Hakujua nani amwonee zaidi.

Akaamua kulimaliza jambo lile mbele ya watu wote. Maonyesho yatafunguliwa siku ya Ijumaa kwa chakula cha mchana cha kijiji kizima. Nyumba ya Taveira itapeleka soseji zake, na zitakuwa na nguruwe kama za Wakristo wengine. Watu wataonja, na watamwona Taveira wa damu akizila. Maneno yatakwisha.

Vidole vya Adosinda vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, hakuweza tena kukanda wala kushindilia. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kidogo na kufunga ncha za soseji kwa uzi. Etelvina alichanganya peke yake, mgongo ukiwa umeelekea mlangoni. Mafuta ya nguruwe aliyayeyusha mapema, wakati wifi yake yuko kanisani.

"Zimekuwa laini mwaka huu," Adosinda alisema, akikaza fundo kwa meno.

"Ni mkate, wifi. Wameubadilisha unga."

"Haya. Mwalimu akisema ni unga, ni unga."

Alicheka, akafunga nyingine. Zilining'inia kwenye moshi hadi zikawa na rangi ya asali.

Siku ya chakula turubai la maonyesho lilikuwa limejaa watu. Soseji zilichomwa juu ya makaa, zikaletwa na viazi na mboga za majani. Etelvina alimketisha wifi yake pembeni yake, katikati ya meza kuu, mahali ambapo kila jicho lingefika. Gracinda alikuwa ng'ambo tu.

"Dada Adosinda," Gracinda aliita kwa sauti, "na wewe unakula leo? Nasikia Mwalimu katia mafuta ya kikwetu!"

"Maneno yako yana mafuta zaidi, Gracinda," Adosinda akamjibu, akilichukua kama utani, na watu wakacheka. Akakata kipande, akakitia kinywani.

Taya zilisimama.

Etelvina aliona. Aliona kope za yule bibi zikishuka, na mkono wenye vidole vilivyopinda ukiufinya ukingo wa meza. Kitambaa kilikuwa hapo karibu. Ilikuwa ni kukiinua tu na kutema. Badala yake Adosinda aligeuza kichwa, akamtazama wifi yake. Hakukuwa na hasira katika macho yale. Yalikuwa yanauliza. Kisha akatafuna, polepole, mpaka mwisho, akameza.

"Tamu," alisema, kwa sauti ya kutosha turubai zima. "Wifi yangu ana mkono. Nipeni divai."

Akala kipande chote. Watu walipiga makofi. Deolindo aliinua glasi. Gracinda aliinamia sahani yake. Etelvina alikuwa ameshinda, na sahani yake aliisukuma kando.

Adosinda aliondoka mapema, peke yake, akisema miguu inamuuma. Etelvina alipofika nyumbani jua lilikuwa linagusa mlima. Stoo ilikuwa wazi. Chungu kilikuwa pale pale, cha baridi, kimefunikwa. Wifi yake alikuwa ameketi jikoni, mikono mapajani.

"Wifi, leo ni Ijumaa," Etelvina alisema, na papo hapo akatamani ulimi wake ungekatika.

"Najua ni Ijumaa."

"Taa..."

"Niwashe kwa kinywa hiki?"

Moto ulipasua kijiti.

"Kwa nini hukutema?" Etelvina aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba, ya mtoto aliyesimamishwa ubaoni.

"Nikiteme mbele ya Gracinda? Wangekucheka wewe, siyo mimi. Mimi ni bikizee tu. Wewe ndiwe jina la nyumba." Adosinda alifuta magoti yake kana kwamba yana makombo. "Mama alituachia maneno mawili: tusile, tusiseme. Kwa nini, hakusema, na mimi sikuuliza. La kwanza leo limevunjika. La pili nimejitahidi."

"Ulijua kwamba sisi... kwamba nyie..."

"Mimi sikusoma kama wewe, Etelvina. Najua bibi alimkataza mama, na mama akanikataza mimi. Inatosha. Ila yale mafundo, wifi. Ungeniambia. Nisingeyafunga kwa meno."

Adosinda aliinuka akaenda kulala bila kugusa supu. Etelvina alibaki chini ya ule ufito, na kwa mara ya kwanza hakuionea aibu damu ya Taveira. Kwa miaka yote aliogopa kuambiwa kuwa ukoo ule ulitia uongo ndani ya utumbo ili uishi. Yeye alitia wa kwake ili asifiwe, akamlisha mtu aliyemwamini. Vitu hivyo havifanani.

Asubuhi alivaa nguo zake nyeusi za kanisani akarudi kwenye maonyesho. Soseji zilizobaki zilikuwa zinaning'inia kwenye meza yao, chini ya jina la ukoo. Alianza kuzishusha, moja baada ya nyingine, na kuzipanga kapuni.

"Mwalimu, vipi tena? Wageni ndiyo wanaingia!" Deolindo alikuja mbio. Watu wakageuka. Gracinda alikuwa miongoni mwao.

"Zina nguruwe," Etelvina alisema.

"Ndiyo, tulizila jana, zilikuwa..."

"Zina nguruwe, na nyumba yetu haili nguruwe. Haijawahi kula. Mafuta niliyatia mimi, wifi yangu hakujua." Alishika ukingo wa meza, akakumbuka nani aliushika jana. "Na Gracinda alisema kweli. Tuliwagawia tusichokila."

Gracinda alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Mwalimu, mimi nilikuwa natania tu..."

"Hata baba yangu alipokea. Alivua kofia, akala, akashiba. Nilikuwepo."

Akalitia kapu mkononi, akateremka nalo kijijini, akapita mlango kwa mlango kama mama mkwe alivyokuwa akipita: hizi kwa huyu, zile kwa yule. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Gracinda. Alimwachia kizingitini zote zilizobaki. Hakujibakizia hata moja.

Juu ya kile kibao hakumjibu Deolindo. Alimwambia amwulize Adosinda, kwa kuwa ukuta ni wake. Adosinda alisema atafikiri, na bado anafikiri.

Wiki ile walikula viazi na dagaa, wakizungumza habari za hali ya hewa. Ijumaa ilipofika Adosinda alijilaza mapema mchana, akageukia ukutani. Jua lilipokaribia mlima Etelvina aliingia stoo. Hakuyajua maneno, kama kuna maneno. Alimimina mafuta ya zeituni kibakulini, akasokota utambi wa pamba, akaukata, akaulaza kwenye mafuta, akakiteremsha kibakuli ndani ya chungu. Njiti za kiberiti aliziweka pembeni bila kuzigusa, kwa sababu hakuona kama ana haki. Akasimama hapo na mikono yake mitupu.

Nyuma yake mlango ulilia. Adosinda alichungulia ndani ya chungu kwa muda mrefu.

"Utambi umeukata mfupi," alisema. "Utazama. Lete mwingine."